Bwawa jipya nyumbani? Usimalize kulipa kabla maji hayajapimwa

Watu wengi wanaojenga bwawa la kuogelea nyumbani hupanga bajeti ya kuchimba, vyuma, saruji na vigae. Bwawa likishakamilika, likiwa zuri lakini tupu, ndipo wanagundua bado kuna pampu, filta, umeme, uzio, maji yenyewe na dawa. Wakati huo mfuko umekauka, fundi anadai pesa yake, na watoto washaanza kuuliza wataogelea lini.

Hapo ndipo mambo huharibika. Uzio unasukumwa "hadi mwisho wa mwezi". Inanunuliwa pampu ndogo kwa sababu bei yake ni nafuu. Klorini inatiwa kwa kukisia. Na malipo ya mwisho yanatumwa kwa simu kabla mtu yeyote hajapima chochote.

Ushauri wetu ni huu: lipa kwa hatua, kila hatua iwe na kitu cha kupima au kuona kwa macho, na pesa ya mwisho isitoke mpaka maji yasome vizuri siku 7 mfululizo. Tutakuonyesha jinsi ya kufanya hivyo hata kama wewe uko Nairobi na bwawa liko Mtwapa.

Anza na hesabu ya lita

Kila kitu kwenye bwawa, kuanzia pampu hadi kijiko cha dawa, kinategemea idadi ya lita. Zidisha urefu kwa upana kwa kina cha wastani.

Tuseme bwawa lako ni mita 8 kwa 4. Upande wa watoto una kina cha mita 1, upande mwingine mita 2, kwa hivyo wastani ni mita 1.5. Mara 8 mara 4 unapata mita za ujazo 48, yaani lita 48,000. Andika namba hii kwenye simu yako, na pia iandikwe kwenye mkataba. Muuzaji yeyote anayekupa bei ya pampu au dawa bila kukuuliza lita ngapi, huyo anakisia.

Mfano huu tutautumia hadi mwisho. Wewe weka vipimo vyako.

Mitambo: ununue nini, na kwa nini

*Pampu.* Kwa bwawa la nyumbani, maji yote yanafaa kupita kwenye filta mara moja kila masaa 6 hadi 8. Lita 48,000 kwa masaa 6 ni lita 8,000 kwa saa. Hiyo ndiyo kazi ya pampu yako, na inafaa kuifanya ikiwa imeunganishwa na mabomba na filta. Namba kubwa iliyochapishwa kwenye kasha isikudanganye, kwa sababu bomba refu na kona nyingi hupunguza nguvu ya pampu. Mwambie muuzaji akuonyeshe jedwali la pampu hiyo.

*Filta ya mchanga.* Kwa lita 8,000 kwa saa, filta yenye kipenyo cha inchi 24 inatosha vizuri. Pampu kubwa kwa filta ndogo ni hasara: maji yanapita mbio na uchafu unapita nayo. Mchanga wenyewe ni wa kazi hiyo, umechekechwa kwa saizi moja. Huku Pwani kuna fundi atakuambia mchanga wa ufuoni ni uleule. Si uleule. Una vipande vya makombe na chumvi, na saizi zake zimechanganyika. Kataa.

*Geji ya presha juu ya filta.* Kifaa hiki ni kidogo lakini ndicho kitakuambia lini usafishe filta. Siku ya kwanza, filta ikiwa safi, piga picha ya geji. Ikipanda karibu psi 8 hadi 10 juu ya hapo, ni wakati wa kurudisha maji kinyume ili yaoshe mchanga.

*Matundu ya kufyonza sakafuni.* Yawe angalau mawili, yaliyotengana, na kila moja liwe na kifuniko cha usalama kilichofungwa kwa skrubu. Tundu likiwa moja tu na mtoto alizibe kwa mwili au nywele, nguvu ya pampu inaweza kumng'ang'aniza chini ya maji. Hakikisha fundi hajaiacha kazi hii kwa "baadaye", kwa sababu baada ya zege kumwagwa ni ghali sana kurekebisha.

*Umeme.* Pampu na taa za bwawa zinahitaji swichi ya usalama inayokata umeme mara moja ukivuja, ile ya miliampia 30, pamoja na waya wa ardhi. Kazi hii ifanywe na fundi wa umeme mwenye leseni ya EPRA. Mwambie akuonyeshe leseni kabla hujalipa amana. Kazi ikiisha, abonyeze kile kitufe cha majaribio ukiona, hata kama ni kwa simu ya video. Umeme usipokatika, hakuna malipo.

*Kifaa cha kupimia maji.* Ni kile kiboksi chenye vichupa na vidonge au matone. Ndicho kitu cha bei ya chini kabisa kwenye orodha hii, na ndicho watu husahau. Nunua chako mwenyewe. Usitegemee kile cha mtu anayekuuzia dawa.

Ongeza wavu wa kutoa majani, brashi na bomba la kufyonza uchafu wa chini, na hapo mitambo imetosha. Mambo ya kupasha maji joto na taa za rangi yanaweza kungoja.

Uzio uje kabla ya maji

Tunasema hivi bila kuzunguka: usijaze maji kabla uzio haujasimama. Mtoto anaweza kuzama kwa dakika chache, kimya kimya, hata kwenye maji ya kiuno. Uzio uwe na urefu wa angalau mita 1.2, usiwe na mahali pa kukanyaga na kupanda, na lango lijifunge lenyewe na kukaza komeo juu, mahali mtoto hafiki.

Kwenye mpango wako wa malipo, pesa ya uzio itengwe kabla ya pesa ya vigae. Vigae vya bei ya juu unaweza kubadilisha na vya kawaida. Uzio hauna mbadala.

Maji: pima kabla ya kujaza, hesabu unapojaza

Maji ya kisima si sawa kila mahali. Sehemu kubwa ya Pwani yetu imekaa juu ya mwamba wa matumbawe, kwa hivyo maji ya visima huwa magumu, yenye kalisi nyingi, na mara nyingine yana chumvi. Kalisi hiyo huganda kwenye vigae, mabomba na filta. Sehemu nyingine maji ya kisima yana madini ya chuma. Hayo hutoka meupe kabisa, halafu ukitia klorini yanageuka kahawia mbele ya macho yako. Peleka chupa moja maabara kabla ya kuamua utajaza na maji gani. Waambie wapime pH, ugumu, chumvi, chuma na manganizi.

Ukinunua maji ya boza, hapa ndipo hesabu ya lita inakulinda. Uso wa bwawa letu la mfano ni mita za mraba 32. Sakafu ikishafunikwa yote na ule mteremko umejaa, kila lita 10,000 zinafaa kupandisha maji karibu sentimita 31. Weka alama ya chaki ukutani kabla boza haijamwaga, halafu pima baada ya kumwaga. Kama maji yamepanda sentimita 22 tu, umeletewa lita kama 7,000. Usiongee kwa hasira, onyesha tu tepu.

Bwawa hili lote linahitaji boza 5, ile ya mwisho bila kujaa. Lipa safari moja moja, baada ya kupima. Ukilipa safari zote 5 asubuhi, jioni utakuwa unapigia simu isiyoshikwa.

Kabla ya kujaza, uliza pia grauti ya vigae imekauka vya kutosha. Kwa kawaida huwekwa wiki mbili au zaidi. Muda kamili umeandikwa kwenye mfuko wa grauti.

Bwawa likijaa, fanya jaribio la ndoo. Weka ndoo yenye maji kwenye ngazi ya bwawa, maji ya ndani na ya nje yawe sawa. Zima pampu, subiri masaa 24. Jua na upepo hupunguza yote mawili. Kama bwawa limeshuka kuliko ndoo, kuna mahali linavuja, na fundi bado ana kazi.

Kutibu maji: fuata mpangilio

Dawa zikitiwa bila mpangilio, pesa inayeyuka tu. Fuata hatua hizi:

1. Endesha pampu masaa 24 kabla ya kutia chochote. Vumbi la ujenzi litakamatwa na filta. Kisha osha filta.

2. Pima. Andika pH, ualkali na klorini kwenye daftari, na upige picha.

3. Rekebisha ualkali kwanza. Huu ndio unaoshikilia pH isiruke-ruke. Lenga miligramu 80 hadi 120 kwa lita. Ukiwa chini, tumia sodiamu baikaboneti, ile soda ya kuokea, lakini nunua kwa gunia. Kwa lita 48,000, gramu 800 hivi hupandisha miligramu 10. Kutoka 60 kufika 100 unahitaji kama kilo 3.2. Tia kwa awamu mbili.

4. Rekebisha pH. Lenga 7.2 hadi 7.6. Saruji na grauti mpya hupandisha pH wiki za kwanza, kwa hivyo utapima kila siku na kutumia asidi kidogo kidogo. pH ikiwa chini, soda ash huipandisha, ile inayotengenezwa kutokana na magadi ya Ziwa Magadi, Kajiado.

   Kwa nini pH ni muhimu hivi? Kwenye pH ya 7.2, karibu theluthi mbili ya klorini yako iko tayari kuua vijidudu. Kwenye pH ya 8, ni kama robo tu. Umenunua ndoo ileile ya klorini, lakini sehemu kubwa imelala.

5. Tia klorini. Kwa klorini ya unga ya asilimia 65, gramu 74 hupandisha miligramu 1 kwa lita kwenye bwawa la lita 48,000. Kwa kuanzia, gramu 370 zitakupa miligramu 5. Tia jioni, pampu ikiwa inafanya kazi, kwa sababu jua letu hula klorini ndani ya masaa machache.

6. Kinga klorini dhidi ya jua. Dawa yake ni asidi ya sayanuriki, madukani huitwa stabilaiza. Lenga miligramu 30 hadi 50 kwa lita, kilo 1.4 hivi itakufikisha 30. Lakini kama utatumia klorini ya vidonge, soma lebo. Vidonge vingi vina stabilaiza ndani tayari, na ikizidi sana klorini inakosa nguvu. Njia ya kuipunguza ni kumwaga maji, na maji umeyanunua.

7. Subiri. Hakuna kuogelea mpaka klorini isome kati ya miligramu 1 na 3, pH iwe sawa, na uone wazi vifuniko vya sakafuni ukiwa umesimama ukingoni upande wa kina. Kama hauvioni, hautamwona pia mtoto aliyezama.

Na lile bwawa linalonuka "dawa" sana na kuchoma macho? Mara nyingi klorini haijazidi. Imechoka, imeshikana na jasho na mkojo, na bwawa linahitaji klorini mpya.

Dawa hizi si za mchezo

- Usichanganye klorini na asidi. Hutoa gesi ya sumu. Ziweke mbali, hata kwenye stoo.
- Usichanganye klorini ya unga na ya vidonge kwenye ndoo moja au chombo kimoja. Zinaweza kushika moto au kulipuka.
- Tia dawa kwenye maji. Usimwage maji juu ya dawa.
- Stoo iwe kavu, ipitishe hewa, ifungwe kwa kufuli. Vaa glavu na miwani.
- Nunua dawa yenye lebo na tarehe. Ile ya kupimiwa kwenye mfuko wa nailoni hujui ni asilimia ngapi, kwa hivyo hesabu zote hapo juu hazikusaidii.

Mpango wa malipo unaokulinda

Sasa tuje kwa pesa. Huu ni mpango unaoweza kuubandika kwenye mkataba:

- Amana: baada ya mkataba kusainiwa, wenye lita, aina ya pampu na saizi ya filta. Kama ni kampuni, angalia usajili wake na NCA.
- Mabomba: baada ya mabomba kujazwa maji kwa presha na geji kukaa pale pale masaa 24, kabla ya kufunikwa na zege. Uliza picha ya geji mwanzo na mwisho.
- Zege: baada ya kujazwa maji ya majaribio na kuonekana halivuji, kabla ya vigae.
- Pampu na filta: lipa duka moja kwa moja kwa Till au Paybill, risiti na waranti ziwe kwa jina lako. Fundi alipwe ufundi tu.
- Umeme na uzio: baada ya kitufe cha majaribio kukata umeme na lango kujifunga lenyewe.
- Maji: kwa kila boza, baada ya kupima.
- Malipo ya mwisho: baada ya jaribio la ndoo na vipimo vizuri vya siku 7.

Ni kiasi gani kibaki kwa malipo ya mwisho? Kiwe cha kutosha kumrudisha fundi kazini. Ukibakisha kidogo sana, ataona heri akuachie.

Unapolipa kwa simu, zingatia haya:

Soma jina kabla ya kuweka PIN. Jina linalotokea lilingane na lile la mkataba. Kama mkataba ni wa kampuni na jina ni la mtu binafsi, simama kwanza. Kama fundi ni mtu mmoja na hana Till, sawa, lakini namba yake ya simu na ya kitambulisho ziandikwe kwenye mkataba.

"Namba imebadilika, tuma kwa hii." Ukipata ujumbe kama huo, usitume. Piga namba ya zamani uliyoizoea, usikie sauti yake. Matapeli wanapenda miradi mikubwa kwa sababu wanajua kuna pesa inapita.

Panga kiwango cha siku. Muamala mmoja wa pesa za simu una kikomo cha KSh 250,000, na kwa siku KSh 500,000. Kama malipo ya zege yanazidi hapo, yapange kwa siku mbili au tumia benki. Usikubali kugawanya malipo kwa namba za watu tofauti tofauti ili "yaingie leo".

Andika sababu ya malipo. Kwenye Paybill, sehemu ya akaunti weka namba ya invoisi. Kwa Till au namba ya kawaida, tuma ujumbe mfupi papo hapo: "Nimelipa hatua ya 2, mabomba." Ujumbe wa kuthibitisha na ule wako vikiwa pamoja, una rekodi inayoeleweka hata mwaka ujao.

Ukikosea namba, ripoti mara hiyo hiyo. Kila dakika ina maana, kwa sababu pesa ikishatolewa ni vigumu kuirudisha.

PIN ni yako. Fundi, dukani, hata mtu anayejitambulisha kama mhudumu wetu, hakuna anayehitaji PIN yako ili akulipishe.

Bwawa lina bili ya kila mwezi

Kabla hujatuma amana, fanya hesabu hii pia. Pampu ya kilowati 0.75 ikifanya kazi masaa 8 kwa siku inatumia yuniti 6. Kwa mwezi ni yuniti 180. Zidisha na bei unayolipa kwenye tokeni zako.

Bwawa likila miligramu 2 za klorini kwa siku, hiyo ni karibu gramu 148 za unga, yaani kilo 4.4 kwa mwezi. Jua likipunguza maji milimita 5 kwa siku, ni lita 160 kila siku, karibu lita 4,800 kwa mwezi. Ongeza maji ya kuosha filta: kwa pampu yetu, dakika 3 ni lita 400. Maji hayo yana klorini, kwa hivyo usiyaelekeze kwa mboga wala mtoni.

Fungua mfuko wa akiba kwenye simu ukiuita "bwawa", na uweke kiasi hicho kila mwezi kuanzia sasa, wakati ujenzi bado unaendelea. Kama miezi mitatu imepita na umeshindwa kukiweka, afadhali umejua mapema. Unaweza kupunguza ukubwa wa bwawa kwenye mchoro. Baada ya zege kumwagwa, huwezi.

Uko na mtu anayejenga? Mtumie makala hii kabla hajalipa amana. Na kama kuna jina la Till au ujumbe unaokutia shaka, tupigie kabla ya kutuma pesa.